Bajeti Hurudi Kila Mwaka, Uwanja Haurudi

*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
_Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanachama wa tawi, Jumapili, Julai 2025. Tunayatuma kwa ajili ya wenzetu waliokuwa ziwani, sokoni, kwenye zamu za kazi na wale ambao ni wagonjwa. Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiye na simu janja._



Tunaanza kwa kuwapa pole wenzetu wawili waliofiwa mwezi huu. Rambirambi za tawi zimefika, na daftari la michango liko wazi kwa yeyote anayetaka kulikagua.

Ndugu wanachama, tumeitana leo kwa sababu ya vyuma vinne.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita vijana wa timu ya mtaa walikwenda uwanjani saa 12 asubuhi kufanya mazoezi. Wakakuta bikoni nne zimechimbiwa. Mbili ziko nyuma ya goli la upande wa ziwa, na mbili ziko karibu na katikati ya uwanja. Hakuna mkutano wa mtaa uliofanyika kujadili jambo hilo. Hakuna tangazo lililobandikwa mahali popote. Tulipouliza, kila tuliyemuuliza alitutuma kwa mwingine. Mpaka leo tunapozungumza hakuna aliyekiri kuzichimbia.

Vijana walitaka kuzing'oa siku ileile. Tuliwazuia, na baadhi yao walituona waoga. Tunarudia hapa mbele ya wote: kung'oa alama ya upimaji ni kosa kisheria. Hatutaki kijana wetu alale mahabusu halafu aliyechimbia bikoni aonekane ndiye mwenye haki.

Wapo waliotuambia, "Katibu, tuna shida ya maji, tuna shida ya barabara, mnatuitaje Jumapili kwa ajili ya uwanja wa mpira?" Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Ila tunaomba tuanzie mbali kidogo, kwenye kazi ambayo Serikali inafanya kila mwaka ya kukuza utalii, michezo na burudani, kisha tutarudi kwenye bikoni zetu.

*1. KAZI YA MWAKA NA NAMBA TATU ZA KUKUMBUKA*

Mwaka wa fedha wa 2024/25 umefungwa tarehe 30 Juni. Mwaka mpya wa 2025/26 umeanza tarehe 1 Julai. Kila mwaka, kabla ya kufunga na kufungua namna hiyo, mawaziri husimama bungeni Dodoma na kusoma walichofanya na wanachoomba.

Kwenye vitabu vya bajeti kila ofisi ina fungu lake. Wizara ya Maliasili na Utalii ni Fungu 69. Wizara yenye utamaduni, sanaa na michezo ni Fungu 96. Mkoa wetu wa Mwanza ni Fungu 81. Ziandikeni namba hizo tatu. Mtu akija kuwaambia "Serikali imetenga fedha", muulizeni zimetengwa kwenye fungu gani, na ni za matumizi ya kawaida au za maendeleo. Fedha za matumizi ya kawaida ni mishahara, mafuta ya gari, semina na posho. Fedha za maendeleo ndizo zinazoacha kitu kinachoshikika. Kitengo kinaweza kuwa na mwaka mzuri sana kwenye karatasi na mtaani pasionekane hata nguzo moja ya goli, kwa sababu kilichopitishwa kilikuwa cha kawaida tu.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Mwaka 2021, baada ya korona, nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa wapatao 922,000. Mwaka 2022 ikazinduliwa filamu ya The Royal Tour. Mwaka 2023 watalii wakafika milioni 1.8, na mwaka 2024 wakapita milioni 2.1. Hiyo ni kazi, na tunaipongeza.

Kwenye michezo, mwezi ujao wa Agosti nchi yetu, Kenya na Uganda zinakuwa wenyeji wa michuano ya CHAN, na mwaka 2027 nchi hizohizo tatu zitakuwa wenyeji wa AFCON. Kwa sisi tuliokua tukisikiliza AFCON kwenye redio ya mbao, hilo si jambo dogo.

Lakini mtu aliyesoma uhasibu, akiona mapato yanapanda, ana swali la pili: yameingia kwenye mfuko wa nani? Michezo ya CHAN kwa upande wetu itachezwa Dar es Salaam na Zanzibar. Hapa Mwanza tutaitazama kwenye vibanda umiza. Na yule mtalii wa milioni mbili na ushee, akitua uwanja wetu wa ndege asubuhi, muda si mrefu yuko kwenye barabara ya Musoma kuelekea lango la Ndabaka aingie Serengeti. Alichonunua Mwanza ni chupa ya maji.

*2. TULICHONACHO HAPA*

Tungekuwa hatuna cha kumwonyesha, tungenyamaza. Lakini tunavyo.

Tuna Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka mjini, safari fupi ya boti. Mwaka 1964 pale palianzishwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa chini ya TANAPA. Kina ukubwa wa kilomita za mraba mbili na kidogo. Kimepewa jina la Mzee Saanane, mtu aliyekuwa akiishi palepale kisiwani kabla hakijawa cha wanyama.

Kwenye mkutano tuliuliza: ni wangapi hapa wamewahi kukanyaga Saanane? (Mikono iliyoinuliwa ilikuwa tisa, na minne kati yake ilikuwa ya waliokwenda na shule.) Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na bado sisi tunaokiona kila siku hatujafika. Hapo hatuwezi kuilaumu Serikali peke yake.

Tuna Bujora, pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada pamoja na wazee wetu. Kila Juni panakuwa na Bulabo, na ngoma za Bagika na Bagalu zinashindana kama zilivyoshindana zamani: ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Wapo wanaocheza na chatu, wapo Bagobogobo wanaocheza na majembe. Watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia, na watoto wetu wengi hawajui kama Bagika ni ngoma au ni jina la mtu.

Tuna Jiwe la Bismarck, ambalo liko kwenye kila picha ya Mwanza. Tuna mashindano ya mitumbwi ya makasia, ambayo wavuvi wetu wa huku chini ndio mabingwa wake. Tuna Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililozinduliwa tarehe 19 Juni mwaka huu. Mgeni wa Rubondo au wa Geita sasa hakai tena foleni ya kivuko. Anapita kwa dakika chache. Tusijidanganye: barabara nzuri humleta mgeni haraka na pia humwondoa haraka. Akilala usiku mmoja hapa, kuna chumba kimelipwa, kuna mama lishe ameuza samaki, kuna bodaboda amepata safari mbili, kuna mwenye mtumbwi amempeleka kutazama jua likizama. Asipolala, tumebaki na vumbi la gari lake.

*3. TIMU ZETU: ZINAPANDA NA KUSHUKA*

Kwenye mpira hadithi ni ileile. Wazee wetu hapa wanaijua Pamba ya zamani, iliyokuwa inazitoa jasho Simba na Yanga. Ikashuka. Toto Africans ikatubeba, nayo ikashuka msimu wa 2016/17. Mbao FC wakapanda, na mwaka 2017 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Dodoma, wakafungwa na Simba 2-1. Alliance wakapanda. Msimu wa 2019/20 Mbao na Alliance wakashuka pamoja. Gwambina ya Misungwi ikapanda, ikacheza msimu mmoja, ikashuka. Sasa tuna Pamba Jiji, timu ya Halmashauri ya Jiji, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20. Imemaliza msimu wake wa kwanza ikiwa bado iko ndani. Hongera kwao.

Siku Pamba Jiji inapocheza CCM Kirumba, nani hapa hajui? Mama wa maandazi anajua, wa machungwa anajua, wa bodaboda anajua. Michezo ni uchumi, wala hatuhitaji mtaalamu atuambie.

Lakini jiulizeni kwa nini timu zetu zinapanda na kushuka. Sababu ni nyingi, fedha ikiwa ya kwanza. Lakini nyingine iko hapa hapa mtaani: mchezaji hatengenezwi kwenye uwanja wa Ligi Kuu, pale anakwenda kuonekana tu. Anatengenezwa akiwa na miaka minane, kumi, kumi na mbili, kwenye uwanja wa vumbi kama wetu. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, kinachofundisha walimu wa michezo kwa nchi nzima. Mwalimu akihitimu Malya na kupangwa kwetu, atamfundishia mtoto wapi? Juu ya mawe?

Na mtoto akikosa uwanja, tunajua anakwenda wapi. Anakwenda ziwani. Mwezi Mei wavuvi walimtoa mtoto wa miaka tisa kwenye maji, na tunamshukuru Mungu alipona. Asiyezama anarudi na kichocho. Kwa hiyo mliotuuliza kwa nini uwanja na si zahanati, sehemu ya jibu ni hiyo. Uwanja mmoja wa vumbi unaipunguzia zahanati wagonjwa.

*4. BIKONI ZETU NA SHERIA*

Sasa turudi kwenye vyuma vinne.

Kamati ya Tawi ilikwenda uwanjani na kamba ya mita, ikapima kutoka ukingo wa maji. Sisi si wapimaji wa ardhi, kwa hiyo vipimo vyetu si rasmi. Lakini kwa kamba yetu, bikoni mbili za nyuma ya goli ziko ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mbili za katikati ziko nje ya mita 60.

Hizi za kwanza mbili zina sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ile ni ardhi ambayo hata mwenye fedha hapaswi kuiwekea ukuta. Kwa hizo mbili tunaandika barua, tunasubiri majibu, na tukinyamaziwa tunaandika tena.

Ngumu ni hizi mbili za katikati. Kubadili matumizi ya eneo la wazi mjini kuna utaratibu, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Lakini ili utaratibu huo utulinde, lazima kwanza eneo lenyewe lijulikane kuwa ni la wazi. Hapo ndipo tulipokosea sisi.

*5. KOSA LETU*

Ndugu wanachama, tunalisema hili bila kuzungusha maneno, kwa sababu tawi lisilojikosoa halina uso wa kumkosoa mwingine.

Tuliomba mihtasari ya mikutano ya mtaa ya miaka mitatu, ile ya kuibua vipaumbele kwa mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Tumeisoma yote. Kuna maji, kuna choo cha shule, kuna kalavati, kuna taa za barabarani, kuna zahanati. Yote ni ya haki. Uwanja haupo. Hakuna hata mstari mmoja. Hakuna mwaka ambao sisi, tunaojaza uwanja ule kila Jumapili jioni, tulisimama kwenye mkutano na kusema: "Andikeni na uwanja."

Maana yake ni nini? Orodha inatoka mtaani, inakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, inakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, inakwenda Baraza la Madiwani, inapanda mkoani, inaingia Fungu 81. Kitu ambacho hakikuandikwa chini hakiwezi kuonekana juu. Afisa michezo hawezi kuombea fedha uwanja ambao kwenye karatasi haupo. Na mwenye karatasi akija, anakuta pale ni patupu.

Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Tumecheza pale tangu enzi za Mwalimu, karatasi ya nini tena?" Tulimjibu kwa heshima: Mzee wetu, wewe ndiye karatasi yetu. Lakini tunakuomba maneno yako yaandikwe na kusainiwa, maana sisi wote ni wapita njia.

Kosa la pili linahusu fedha. Kwa muda mrefu tawi limekuwa likiruhusu uwanja utumike kwa maharusi, mikutano ya injili na matamasha, na wenye shughuli wamekuwa wakitoa "ya soda". Kwenye kabrasha la tawi tumekuta stakabadhi kumi na moja. Kwenye upande wa matumizi hakuna mpira hata mmoja ulionunuliwa, hakuna wavu, hakuna mfuko wa chokaa. Fedha zilikwenda kwenye viti vya mikutano na nauli za vikao. Hakuna aliyeziiba, na hesabu zimebandikwa ukutani ofisini. Lakini uwanja ulituzalishia, nasi hatukuurudishia kitu. Ofisi ya umma ikifanya hivyo tungeisema. Tumejisema.

*6. MWAKA WA JEZI*

Mwaka huu ni wa uchaguzi, na tunajua kinachokuja. Kutakuwa na Kombe la huyu na Kombe la yule. Zitakuja jezi zenye majina, mipira na mbuzi wa mshindi. Hatuwakatazi vijana kupokea. Mbuzi ni nyama.

Lakini tunaomba kila mgombea atakayekuja kutoa jezi kwenye uwanja wetu, awe wa chama chetu au wa chama kingine, aulizwe swali moja mbele ya watu: "Utatusaidia vipi uwanja huu upimwe na kumilikishwa kwa matumizi ya umma?" Jibu lake liandikwe na tarehe. Jezi ikifuliwa mara ishirini namba inabanduka. Uwanja uliopimwa kwa jina la umma wajukuu wataukuta.

Hilo ndilo jambo moja tunalotaka kila mmoja aondoke nalo. Kazi ya Serikali ya kila mwaka ina tabia ya kurudi. Bajeti ikipita bila sisi mwaka huu, mwakani kuna nyingine. Tamasha likikosa fedha Juni hii, kuna Juni ijayo. Timu ikishuka, inaweza kupanda, Pamba wametuonyesha. Lakini uwanja ukigeuzwa viwanja, umekwenda. Hakuna waziri, hakuna mkurugenzi, hakuna diwani atakayebomoa nyumba za watu miaka kumi baadaye ili watoto wacheze. Ukingo wa ziwa ukiwekewa ukuta, mtoto wa Mwanza ataliona ziwa lake kupitia geti.

*7. TULIYOKUBALIANA*

Mkutano uliazimia mambo yafuatayo, kwa kura za kunyoosha mikono. Waliopinga ni watatu na majina yao yako kwenye muhtasari, kwa sababu kupinga si kosa.

1️⃣ *Barua.* Wiki hii barua inakwenda kwa Mwenyekiti na Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Mtendaji wa Kata na ofisi ya ardhi ya halmashauri, tukiomba kuelezwa kwa maandishi bikoni ni za nani na zimewekwa kwa idhini ipi. Ni barua ya wakazi, si ya chama. Itasainiwa na yeyote anayeishi hapa, bila kujali kadi yake. Uwanja hauulizi itikadi.

2️⃣ *Ushahidi wa wazee.* Wazee sita wamekubali kueleza historia ya uwanja. Vijana wawili wenye mwandiko mzuri watakaa nao. Mwenye picha ya zamani ya mechi, harusi au mkutano pale uwanjani ailete tuipige nakala, na atarudishiwa.

3️⃣ *Mpango wa mwaka 2026/27.* Mikutano ya kuibua vipaumbele itakapoitishwa, kila shina lilete watu wasiopungua kumi. Uwanja uandikwe, ukiwa na maneno matatu: kupimwa, kumilikishwa, kulindwa. Hatuombi majukwaa, hatuombi nyasi bandia kama za Nyamagana. Tunaomba mistari mitatu.

4️⃣ *Mfuko wa uwanja.* Kuanzia leo shughuli yoyote ya kulipiwa pale uwanjani inapitia kwa Mwenyekiti wa Mtaa, fedha inatolewa stakabadhi, na daftari lake ni tofauti na la tawi. Mtunza fedha achaguliwe na wakazi. Sisi viongozi wa tawi hatutalishika daftari hilo.

5️⃣ *Vijana na mikopo.* Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wenye mitumbwi wanaotaka kupeleka wageni ziwani waunde kikundi na kukisajili. Waje ofisini Jumatano jioni, tutawasaidia kuandika andiko na kupanga hesabu, bure. Jaketi la kuokolea liwe la kwanza kwenye bajeti yao, kabla ya spika ya muziki.

6️⃣ *Saanane.* Jumamosi ya kwanza ya Septemba tunakwenda Saanane, wazazi na watoto, kila familia ikijilipia. Tutaulizia viingilio na boti kwa wahusika na kuwaletea gharama kamili hapa kundini. Huwezi kumuuzia mgeni kitu ambacho hujakiona.

*8. KUHUSU MAJI NA BARABARA*

Kwa ndugu yetu aliyeuliza kuhusu maji na barabara: hatujavisahau. Vimo kwenye orodha na vitaendelea kuwamo. Lakini tofauti ni hii. Bomba ambalo halijaja mwaka huu linaweza kuja mwakani, na nafasi ya kulipitisha bado ipo. Uwanja uko mikononi mwetu leo na unaondoka. Mtu mwenye akili, nyumba ikivuja na mlango ukiwa unang'olewa, anashika mlango kwanza.

Ndugu wanachama, hatuna fedha za kushindana na aliyechimbia bikoni zile, na hatumjui. Inawezekana kabisa ana karatasi zake, na kama anazo kwa haki tutazisoma kwa heshima. Tulichonacho ni idadi yetu, kumbukumbu za wazee wetu, na kalamu. Hivi vitatu vikikaa pamoja kwenye mkutano mmoja wa mtaa, vina uzito.

Tunaomba yafuatayo kuhusu ujumbe huu. Usiongeze maneno yako ndani yake na kuusambaza kama wetu. Usitaje jina la mtu yeyote kuwa ndiye mwenye bikoni, kwa sababu hatuna ushahidi, na kumsingizia mtu ni dhambi na ni kesi. Mwenye taarifa ya kweli aje ofisini, tutaandika na kutunza siri yake.

Barua ya kusaini iko ofisi ya mtaa kuanzia kesho saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Wavuvi mnaorudi alfajiri, mjumbe wetu atakuwa mwaloni saa 1 akiwa na nakala. Asiyejua kuandika ataweka dole gumba, na dole lake lina nguvu sawa na saini ya mwenye digrii.

Vijana, endeleeni na mazoezi kama kawaida. Zungukeni bikoni, msizikanyage. Chezeni. Uwanja unaochezwa kila siku si rahisi kuitwa patupu.

 

*Katibu wa Tawi*
_kwa niaba ya Kamati ya Tawi na wanachama waliohudhuria_